Kumbi la Temeke na Makumbi ya Mjimwema

Jamani, nimechoka kusimulia. Kila nikipita barazani hapa Kinondoni mtu ananidaka mkono: "Mwalimu, hebu tupe ya Kigamboni." Nikifika katikati anatokea mwingine, naambiwa nianze upya kwa ajili yake. Basi nimekaa nikaandika. Someni, mpeane, na atakayenidaka tena mkono nitamwambia akasome. Mambo ya ruhusa ya shule na nauli nimeyaruka, hayana utamu.

KINONDONI MPAKA KARIAKOO

Chanzo cha safari ni tembo. Si yule mwenye mkonga, ni lile la kunywa, la mnazi.

Mnaukumbuka mchezo wangu wa kwanza wa redio, ule wa fumbo la mgema aliyeuawa. Mle ndani niliandika kwamba marehemu alionekana mara ya mwisho "juu ya mnazi, akichuma tembo." Akichuma! Mie Mnyamwezi wa Tabora, minazi nimeikuta huku ukubwani, nikadhani kila kilicho juu ya mti huchumwa. Sikujua kwamba tembo hugemwa, na hata mtoto wa pwani anajua. Mji mzima ulicheka. Pale Kariakoo kuna muuza samaki, mpaka leo akiniona anapaza sauti: "Mwalimu! Leo hujachuma?"

Kitu kimoja tu kilipendwa katika mchezo ule, kile kilio cha mwizi mwoga anapokamatwa: "Si mie! Ni kivuli changu!" Nililia mwenyewe, kwa sababu mwigizaji wetu aliamka na mafua siku ya kunasa sauti.

Bwana Elisha, msimamizi wetu wa michezo, akaniita. Ni mpole yule bwana, na upole wake ndio unaotisha. "Mwalimu," akasema, "huu wa pili ukichekwa kama wa kwanza, basi tena. Utabaki na chaki yako." Sikulala vizuri wiki nzima. Chaki naipenda, lakini kuandika michezo ndiyo kazi pekee ninayoifanya nikasahau kula, na mke wangu Agnesi ni shahidi.

Ni Agnesi huyo huyo aliyenipa fumbo la pili bila kujua. Alirudi sokoni akasema wanawake wa pwani hufukia makumbi ya nazi, yale maganda ya nje yenye nyuzi, kwenye matope ya bahari. Yakikaa miezi na kuoza, huyafukua, wakayaponda, wakasokota kamba. "Na harufu yake," akasema, "utalia machozi." Niliruka kitini. Harufu ya namna hiyo! Mtu akiua, akaificha maiti shimoni pamoja na makumbi, nani atanusa? Fumbo zuri hilo! Ila safari hii sikutaka kuchuma tembo. Nikasema nitakwenda nione kwa macho yangu, niulize wenyewe, ndipo niandike.

Nikaondoka asubuhi na mkoba begani. Ndani mlikuwa na shati la kubadili, madaftari ya watoto ya kusahihisha, na chupa ya wino mwekundu. Mwalimu hata akienda harusini hubeba madaftari. Ikumbukeni chupa hiyo.

Basi letu lilikaa Magomeni mpaka nikasahihisha madaftari manne, kwa sababu utingo aligombana na mama mmoja juu ya kuku. Utingo anasema kuku ni mzigo, mama anasema kuku ni abiria kwa sababu amempakata. Abiria wote tukaingilia. Mie nilikuwa upande wa kuku.

TEMEKE

Kariakoo nilimkuta muuza kamba, akanielekeza Temeke, kule Mtoni. Nikafika jua la utosini, jasho linanitiririka. Mbele ya nyumba moja alikuwa ameketi mzee wa kanzu, anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Watokea wapi na jua hili?"

"Kinondoni, mzee. Natafuta kumbi. Nimeambiwa huku lipo."

Mzee akanitazama juu mpaka chini, macho yakasimama katikati. "Lipo. Umemleta mtoto?"

"Watoto wako kwa mama yao. Nimekuja mwenyewe."

"Wewe? Mwenyewe?"

"Mie mwenyewe. Nataka niingie, nione kazi inavyofanyika. Nikiruhusiwa na mie nifanyiwe pale pale, nielewe." Nilikusudia kusema nifundishwe. Jua lilikuwa kali.

Akaweka jembe chini taratibu. "Kabila gani, mwanangu?"

"Mnyamwezi."

"Aaa! Mtani wangu! Sasa nimeelewa." Akanipigapiga bega kwa huruma kana kwamba nimefiwa. "Usione haya. Wengi mnachelewa. Ukubwani inauma kidogo, lakini hupona."

Nikadhani anasema habari ya kuponda. "Nasikia mikono ndiyo hupata taabu."

"Mikono usiwe na wasiwasi nayo," akasema mzee. "Mikono tutaishika sisi."

Basi nikakaribishwa ndani kwa heshima ambayo sijawahi kuipata hata kwa wakwe. Nikapewa mkeka. Mama mwenye nyumba akachemsha maji. Wakaja wanaume wawili wenye vifua vya makuli, wakanisalimu kwa upole mno, wakakaa kulia na kushoto kwangu. Mmoja akanipa shuka jeupe akaniambia nivue suruali. Nikajisemea, kumbe kazi ina matope hasa. Nilikuwa nimeshafungua mshipi alipoingia bwana mmoja na kifurushi cha kitambaa, akakifungua mbele yangu. Kisu. Kidogo, chembamba, kinang'aa.

"Hiki ni cha nini?" nikauliza.

"Mbona waingia kumbini halafu waniuliza kisu?" akajibu yule bwana.

Mama yangu! Ndipo nikakumbuka, na jasho lote likawa baridi. Huku pwani kumbi ni ganda la nazi, lakini kumbi vile vile ni kibanda cha jando, wanakotiwa watoto wa kiume kutahiriwa. Mwanamume mzima, mwalimu, baba wa watoto watatu, nimetembea mpaka Temeke kwenda kutahiriwa!

"Nazi!" nikapiga kelele, mkono mmoja umeshika suruali. "Makumbi ya nazi! Ya kamba! Mie nilishakwisha, hospitali ya misheni, Tabora, nikiwa mdogo!"

Kisha mzee akaanza. Alicheka yule mzee mpaka akalala chini kwenye mkeka wangu. Ngariba, maana ndiye aliyekuwa yule bwana wa kisu, akatoka nje akacheke huko, akarudi, akaniona, akatoka tena. Mama mwenye nyumba akasema maji yamekwisha chemka, hayatupwi, akayapikia wali. Tukala na mchuzi wa papa mkavu uliotiwa nazi nzito, na sijapata kula chakula kitamu kama kile. Nafikiri ni kwa sababu nilikuwa mzima.

Wakati wa kuagana mzee akaniambia kwamba pale Mtoni wafukiaji wamehama. Niende Mjimwema, upande wa Kigamboni. Akanitafutia na lori la makuti ambalo, kwa maneno ya dereva, lingezunguka Mbagala likatokee huko huko.

MBAGALA

Lile lori sitaki kulisema sana, nina hasira nalo bado. Mbele alikaa mke wa dereva, kwa hiyo mie nikapanda juu ya makuti, na makuti yanachoma. Mchanga wa njia ya Kilwa ukalimeza gurudumu, tukashuka tukasukuma. Likatoka, likaingia tena mbele kidogo. Kufika Mbagala likachemka, likatoa moshi, likanyamaza.

Dereva akatupeleka kwa mama mkwe wake, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, anayeitwa Mama Siwatu. Akatupa mihogo na kisamvu cha karanga, akaniuliza naenda wapi.

"Mjimwema, mama."

"Mjimwema ya Kigamboni? Kwa njia hii?" Akamgeukia mkwewe. "We Hamisi, njia hii wafika Mjimwema?"

Hamisi akasema mtu akitaka, anafika, ikiwa ana miguu.

"Baba," Mama Siwatu akaniambia, "kesho rudi mjini, panda pantoni, uvuke. Mkwe wangu huyu alikuwa anataka mtu wa kusukuma lori." Na Hamisi wala hakukana, akaongeza kisamvu.

MAGOGONI MPAKA KIGAMBONI

Nikarudi mjini kesho yake nimebanwa kati ya magunia ya mkaa, mweusi kuliko mkaa wenyewe. Kwenye pantoni watu walinipisha. Ni hatua fupi tu ya maji, lakini mtu wa bara maji yakitikisika anahesabu dhambi zake, na mie nilizihesabu zote mpaka ng'ambo. Mama mmoja wa kaniki akaniona nimekumbatia nguzo, akaniambia, "Iachie mwanangu, haiendi popote."

Toka hapo ni mguu mpaka Mjimwema, mchanga na minazi. Kabla sijaona kitu, nikanusa. Agnesi hakusema uongo. Ni mayai viza, na samaki aliyesahauliwa, na kitu kingine ambacho sikijui jina. Nilifurahi! Wapi mtu mwingine anafurahia harufu kama ile? Nikawaza, maiti kumi zingelala hapa salama.

MJIMWEMA

Maji yalikuwa yametoka, matope yako wazi mpaka kwenye mikoko. Wanawake kama kumi na kitu walikuwa wanafukua, wameinama, wanaimba. Kila mmoja na shimo lake, limezungushiwa mawe na kugandamizwa mawe juu. Wengine walikaa pembeni wanaponda makumbi kwa magongo mafupi, nyuzi zinatoka safi, rangi ya simba.

Nikatoa shikamoo kwa wote. Wakaitikia. Kijana mmoja wa kike mcheshi, Mwanaidi, akanipa hata gongo nijaribu, nikajiponda kidole, wakacheka kwa wema. Karibu naye alikuwa mama wa makamo, Bi Kidawa, yeye hakucheka. Alikuwa anaponda tu, haraka, kama aliyegombana na kumbi lile.

Hapo ningekaa, nikaangalia, nikauliza kidogo kidogo, leo ningekuwa na hadithi fupi. Lakini mie mdomo wangu mnaujua. Nikaingia moja kwa moja.

"Mama zangu, naomba kuuliza. Mtu akifukiwa humu shimoni, ataoza kwa muda gani?"

Wimbo ukakatika.

"Mtu gani?" akauliza Bi Kidawa.

"Mtu yeyote tu. Tuseme mwanamume mzima, mwenye mwili. Akifukiwa chini, makumbi juu, harufu yake na hii, nani atatambua?"

"Kwani wewe," akasema polepole, "unaye?"

Nikafungua mdomo nieleze habari ya mchezo na redio. Mguu ukateleza. Nikaenda chini, mkoba ukagonga jiwe, na ndani yake nikasikia kitu kikivunjika. Nilipoinuka, mkoba ulikuwa unachuruzika wekundu. Mikono yangu miwili myekundu. Shati jekundu. Matope mekundu chini yangu.

"MUMIANI!" akapiga ukelele Bi Kidawa.

Nyie mnalijua neno hilo, na mnajua limeshaumiza watu. Ndiye yule anayesemekana kutembea na chupa, ananyonya watu damu akauze, na aliyekamatwa na yeye harudi tena kwao. Mtu mgeni, kutoka mjini, anauliza habari ya kufukia mwanamume, na mkobani ana chupa. Hata mie ningejipiga.

Wakanizunguka na magongo. Hakuna aliyekuwa akiimba. Nikasema "wino," nikasema "mwalimu," sauti hazitoki, au zinatoka hazisikiki. Bi Kidawa alikuwa mbele, machozi yanamtoka, gongo liko juu, anauliza neno moja tu: "Umempeleka wapi? Umempeleka wapi?" Nikajua leo Agnesi amekuwa mjane, na kwa ajili ya makumbi. Nikakinga kichwa kwa mikono, likanitoka lililonitoka:

"Si mie! Si mie!"

Gongo la kwanza likanipata mgongoni. La pili halikuja.

"Ngojeni!" Ilikuwa sauti ya Mwanaidi. "Ngojeni kwanza! Sauti hii naijua. We baba, malizia."

"Nimalizie nini?"

"Hilo unalosema. Si mie, halafu?"

Nikamtazama kupitia vidole. "Si mie," nikasema. "Ni kivuli changu."

"Lahaula!" Mwanaidi akatupa gongo. "Ndiye mwizi wa redioni! Yule mwoga! Yule wa mchuma tembo!"

Kumbe Jumamosi jioni wote hukusanyika kwenye baraza ya duka la Bwana Nasoro, mwenye redio ya betri. Wakaniambia nilie tena. Nikalia. Wakaniambia nilie kwa nguvu, kama siku ile. Nililia kama sijapata kulia, maana safari hii sikuwa naigiza, na hapo ndipo wakaamini kabisa. Wakaangua kicheko, mmoja akanifuta uso kwa upande wa kanga yake, mwingine akaenda kuniletea dafu. Jamani, nilikaa katika matope yale yanayonuka nikashukuru Mungu kwa pua yangu na kila ubavu. Madaftari ya watoto yameloa wekundu ukurasa mpaka ukurasa, kama kwamba wote wamekosa kila kitu.

Na kuhusu fumbo langu, Mwanaidi alilimaliza nikinywa dafu. "Haiwezekani, mwalimu. Shimo hatufukui mmoja mmoja. Tunafukua wote pamoja, kwa nyimbo, ili mtu asije akasema kaibiwa makumbi. Ukimwona mtu yuko shimoni peke yake, kimya, huyo ni mwizi tu." Nikaona maiti yangu inanitoroka hivi hivi. Lakini kitu kingine kikaanza kutembea kichwani, na nyie mlioisikia redio mnajua kilikuwa nini: zile saa za dukani zilizoibwa na kufichwa shimoni, na mwizi aliyekamatwa kwa sababu alifukua bila wimbo.

KOFIA

Nilipoinuka niende zangu, Bi Kidawa akanifuata mpaka kwenye minazi. Yeye peke yake hakuwa amecheka.

"Mwalimu, unisamehe mgongo."

"Umekwisha, mama. Mie ndiye nisamehewe mdomo."

Akasimama anasokota nyuzi za makumbi kidoleni, anasokotoa, anasokota. "Mume wangu Shomari alikwenda mjini kutafuta kazi bandarini. Masika mbili zimepita. Hajarudi. Watu wanasema amechukuliwa na mumiani. Na mie nimekaa nawaamini, maana kama yu hai na hakurudi kwangu, hilo ndilo baya zaidi." Akanitazama. "Wewe si wa redioni? Huwezi kumwita?"

Nikamweleza kwamba redio hainipi mie ruhusa ya kupiga mbiu ya watu, nina mchezo tu, tena nao wa kuombewa dua. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyezoea kuambiwa hapana. Sikuweza kuondoka hivyo.

"Ungekuwa na neno moja la kumwambia," nikauliza, "ungesemaje?"

Akafikiri. "Ningesema kofia yake nimeifua."

Katika mchezo wangu huo wa pili kulikuwa na dobi. Hakuwamo tangu mwanzo, nilimtia siku ile ile njiani. Anabisha hodi mlango usio wake, anaita: "Nani Shomari wa Mjimwema? Kofia yako imefuliwa, njoo uichukue!" Anaambiwa amepotea nyumba, anakwenda zake. Bwana Elisha alisoma karatasi akaniuliza huyu dobi anafanya kazi gani katika fumbo. Nikamwambia anachanganya wasikilizaji. Akasema vizuri, na kwamba safari hii hakuona cha kuchekwa. Nilitoka ofisini kwake nikaenda kuketi chini ya ukuta, nikicheka peke yangu kwa raha.

Mchezo ukasikika, na haukuchekwa. Hata yule muuza samaki wangu sasa ananiita kwa jina, ingawa simwamini bado. Nikakaa kimya nikingoja, sikumwambia mtu nangoja nini isipokuwa Agnesi.

Wiki iliyopita Mwanaidi akaja Kariakoo na mizigo yake ya kamba, akanitafuta mpaka shuleni. Shomari amerudi. Alikuwa Morogoro, kwenye mashamba ya mkonge, mzima wa afya, amenenepa. Alisikia redio kwa bosi wake, akadhani ameota, akasikia jina la Mjimwema, akapanda garimoshi. Aliingia uani kwake mchana kweupe. Bi Kidawa alipomwona alikaa chini palepale akalia kwa sauti mpaka majirani wakaja wakidhani kuna msiba, na wao wakalia, siku nzima ikawa kilio cha furaha.

"Alhamdulillahi," nikasema, na macho yangu mwenyewe hayakuwa makavu. "Basi ni mzima!"

"Mzima, mwalimu. Kaja na mke wake wa Morogoro. Na mtoto."

Nikauliza: "Na Bi Kidawa?"

"Kamvika kofia yake. Kawapikia wote wakala. Halafu kaniita pembeni kanituma kwako." Mwanaidi akajifuta macho kwa kicheko. "Kasema umwendee haraka. Lile swali lako la kumfukia mwanamume mzima mwenye mwili, kasema sasa yuko tayari kukujibu."